Mama Aliyebandua Mabango Yake Mwenyewe

Habari za kifo chake zilinifikia Jumatano asubuhi, kabla sijamaliza chai. Zilikuja kama zinavyokuja habari nyingi za misiba siku hizi hapa Bukavu: hakuna aliyebisha hodi, simu ililia tu na ndani yake mlikuwa na picha. Lilikuwa bango la tanzia lenye njiwa, mishumaa, waridi katika kila kona, ngazi inayopanda mawinguni, na maandishi ya dhahabu juu ya zambarau yaliyojikunja kama mizizi ya mhogo. Nilijua mara moja kwamba kuna mtu amefariki. Kujua ni nani kulinilazimu kutafuta miwani na kuipanua picha kwa vidole viwili, ndipo nikasoma jina. Msinihukumu, wasomaji wangu: kitu cha kwanza nilichofanya ni kucheka. Nilicheka kwa sababu nilimsikia kabisa marehemu mwenyewe akiuliza ni nani aliyemfanyia hivyo. Kisha kicheko kikaniisha, nikaweka kikombe chini, na chai ile sikuimaliza. Bango lilikuwa limetengenezwa na mpwa wake kwa mapenzi na kwa haraka ya msiba, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Mchana wa siku hiyohiyo wanafunzi wake wa zamani walituma jingine: picha yake akicheka, jina lake, mahali pa mazishi, saa. Basi. Hata mama mkwe wangu alilisoma bila kuomba msaada.

Kwa wale ambao hawakumfahamu, alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Alifundisha kuchora katika shule ya sekondari ya wasichana kwa miaka mingi, kisha akafungua karakana yake ya usanifu na uchapaji katika chumba cha ghorofani huko Cimpunda. Siku za kazi alitengeneza kadi za harusi, vibao vya maduka, lebo za chupa za asali. Jumamosi alasiri aliwafundisha wanaoanza kazi hiyo, vijana kwa wazee, yeyote aliyepanda ngazi zake. Unyenyekevu hakuujua. "Mimi njo mukubwa wa hii kazi mu muji," alipenda kusema kwa Kiswahili chetu, ambamo 'njo' ni 'ndiye', "na wa pili iko mbali sana, hata simuone." Sikuwa rafiki yake wa karibu. Nilikuwa mmoja wa wengi waliopita mikononi mwake wakatoka wakitazama kuta za mji huu kwa macho mengine.

Tulikutana kwa sababu ya kwaya. Kwaya yetu ya parokia ilikuwa inaandaa tamasha, na kamati iliamua kwamba mimi, kwa kuwa naandika magazetini, bila shaka naweza pia kutengeneza bango. Kwetu mtu akijua kushika kalamu hudhaniwa anajua kila kinachofanyika juu ya karatasi. Nilikubali kwa majivuno. Nikakaa na simu yangu juma zima nikatoa kitu nilichokiona cha ajabu: jina la kwaya kwa herufi kubwa nyekundu, tarehe kwa herufi kubwa za kijani, jina la padri mlezi kwa herufi kubwa za bluu zenye kivuli, neno "Karibuni" limepindishwa kama upinde wa mvua, na nyuma ya yote hayo wanakwaya wote katika sare zao. Nikapanda hadi Cimpunda ili anichapie. Alilichapa nakala moja, akalipeleka upande wa pili wa chumba, akaliegemeza ukutani, akarudi kusimama kando yangu. Tukalitazama pamoja.

"Tonton," akaniambia, yaani mjomba, "hii ndoa iko na mabibi-harusi wangapi?"

"Ndoa gani, maman? Ni tamasha la kwaya."

"Minaona bibi-harusi wa rouge. Minaona wa vert. Minaona wa bleu mwenye kivuli. Na huyu mwenye kupinda hapa juu, naye amekuya kuolewa? Bwana-harusi atajua wa kuchukua?"

Nilijitetea. Nilimwambia kwamba kila kitu kilichokuwa pale kilikuwa cha maana, na kwamba padri hasa asingefurahi kuandikwa kwa herufi ndogo. Akacheka. "Kweli, mu ndoa kila mutu iko wa maana. Mama mukwe iko wa maana, mupishi iko wa maana kuliko wote. Lakini robe nyeupe anavaa mumoja. Sasa angalia: kuko maman anapita hapa barabarani, iko na mutoto mu mugongo, mvula inakuya. Ukimupa kuona kitu moja tu, utamupa gani?" Nilifikiri kidogo, nikasema labda tarehe. "Ah bon? Batu banatoka nyumbani juu ya tarehe, ao juu ya kwaya?" Nikakiri kwamba ni kwa ajili ya kwaya. "Basi huyo njo bibi-harusi. Wengine bakae kwenye viti."

Hakunirekebishia bango. Alinivutia kiti mbele ya kompyuta yake akasimama nyuma yangu, mikono kifuani, mpaka nikalifanya upya mwenyewe. Lilitoka jepesi kiasi kwamba nilihofia kamati. Na kweli mwenyekiti wetu alinung'unika kwamba linaonekana la kimaskini. Sitadai kwamba kanisa lilijaa kwa sababu ya bango; kwaya yetu inaimba vizuri, na watu wa Bukavu hawahitaji kusukumwa kwenda kusikiliza nyimbo. Lakini mwaka huo hakuna hata mmoja aliyenipigia kuuliza ni saa ngapi, na miaka yote ya nyuma simu yangu ilikuwa haipumui.

Jumamosi iliyofuata nilikaa darasani kwake pamoja na wauza nguo, makatekista na wasichana wawili waliotaka kufungua duka la keki. Nilidhani tutafundishwa kubonyeza. Somo la kwanza halikugusa kompyuta kabisa. Alitutuma soko la Kadutu tukatazame mafungu ya nyanya. Tulirudi tukidhani ametutania. "Maman wa nyanya hakuandika kitu," akatuambia, "lakini hakuna mutu anamuuliza hii nyanya iko ya fungu gani. Juu ya nini?" Tukajibu kwamba nyanya za fungu moja zinagusana, na kati ya fungu na fungu kuna nafasi. Basi, akasema, vitu vinavyokwenda pamoja vikae pamoja: saa ikae karibu na siku, mahali pakae karibu na saa, na namba ya simu isilale peke yake kona ya chini kama mgeni aliyefukuzwa. Jumamosi nyingine alituonyesha magauni mawili ya kitenge kilekile. Katika moja, maua yalikutana sawasawa kwenye mshono. Katika jingine, ua kubwa lilikatwa nusu katikati ya kifua. Tuliliona kosa wote kwa pamoja, hata sisi tusiojua kushika sindano. Jicho hufuata mstari, alituambia, hata mstari ambao haukuchorwa. Ukianzisha maneno yako upande wa kushoto, yaanzie yote hapo, usiyatawanye kama mbuzi. Kuhusu rangi alisema njano juu ya nyeupe ni mtu anayenong'ona sokoni. Kuhusu aina za herufi alisema mbili zinatosha. Ya tatu imekuja kula tu.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa nafasi tupu. Mji wetu umebanana. Nyumba zimepandiana mlimani hadi bati la huyu ni ua wa yule, na nadhani hali hiyo imetuingia kichwani: tukiona mahali pamebaki wazi tunadhani pamesahauliwa, tunatafuta cha kupajaza. Nilikuwapo siku mwenye mgahawa mmoja alipokuja kuchukua kibao chake kipya. Kilikuwa na jina la mgahawa, picha ya samaki mmoja, na pembeni palikuwa peupe, pametulia. Bwana yule akakizunguka kama anayenunua ng'ombe. "Maman, hapa mumesahau," akasema. "Kuko nafasi. Mungeweka kuku, mungeweka frites ya viazi, mungeweka picha yangu." Mama akamtazama kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake. "Papa, ukijaza bugali mu kinywa yote, utaongea na nini?" Yule bwana akacheka hadi akashika meza. Kibao kile kipo mpaka leo, na samaki wake bado anaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Ningeweza kuishia hapa, mkabaki na mama mcheshi aliyejua kazi yake, na msingekosea. Lakini kisa kilichonifanya nimheshimu si cha siku aliyopatia. Kipindupindu kilizuka katika mtaa mmoja wa kando ya ziwa, mahali ambapo bomba lilikuwa limekauka na watu wakarudi kuchota ziwani. Shirika moja lililosaidia vituo vya afya lilimpa kazi ya kuchora bango la kuwaonya watu wasinywe maji yale bila kuyatia dawa. Alilichora kwa kanuni zake zote. Bibi-harusi mmoja: glasi kubwa ya maji ya ziwa, ya bluu, inayong'aa. Juu ya glasi, alama nyekundu ya kukataza, mistari miwili iliyokatana. Chini, maneno machache. Nafasi tele. Nililiona kabla halijachapwa nikalisifu, na wakubwa wa shirika wakalisifu kuliko mimi. Likabandikwa kila mahali watu wanapochotea maji, na siku chache baadaye akaniomba nifuatane naye huko, nione kazi yake, pengine niiandike.

Tuliingia kwanza katika kituo cha afya cha mtaa ule. Kwenye kitanda karibu na mlango alikuwa mwanamke kijana ameketi na mtoto wake wa kiume, mdogo, macho yameingia ndani, serumu, yaani dripu, inadondoka taratibu mkononi. Muuguzi alituambia hatari imepita, mtoto ameanza kuomba chakula. Mama wa mabango akamsalimu yule mzazi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Pole, maman. Mulikuwa munavoma maji wapi?"

"Kwenye ziwa, pale chini."

"Na ile affiche, ile picha ya ku ukuta, hamukuiona?"

"Tuliiona," akasema yule mwanamke. "Njo maana tulikuwa tunavoma pale. Si baliweka musalaba mwekundu? Tukasema, batu ba santé bameisha kutia dawa mu hiyo maji."

Mama wa mabango alitazama dirishani, ambako bango lake moja lilionekana limebandikwa ukutani, limenyooka, limependeza. Kisha akamgeukia tena yule mzazi, na kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, akamwomba amweleze kila anachokiona pale, bila haya. "Minaona maji ya muzuri," akajibu. "Inangaa. Iko mu verre. Na ile alama ya santé juu." Kweli, wasomaji wangu. Katika mtaa ule, chochote chekundu chenye mistari iliyokatana kilikuwa alama ya dawa, ya wauguzi, ya msaada uliofika. Na glasi yenyewe ilikuwa imechorwa kwa ustadi mkubwa mno. Ukiitazama unasikia kiu, na macho hayafiki kwenye maneno ya chini.

Hakulia wala hakujitetea. Alimwomba muuguzi ndoo ya maji na kisu cha jikoni, akatoka, akaanza na bango la mlangoni. Alililowesha, akasubiri gundi ilainike, akalibandua kuanzia kona. Kisha la ukutani. Kisha tukateremka kuelekea ziwani, yeye mbele na kisu, mimi nyuma na ndoo, kiatu changu cha kanisani kikijaa matope. Watu wakatoka kutazama. "Maman, unaitosha tena?" mmoja akamwuliza alipoona anaiondoa. "Si njo wewe ulibandika?" Naye akajibu kwa ile sauti yake ya kuvuka barabara: "Njo mimi! Nilikosa! Hii maji iko mubaya, musikunywe bila dawa!" Wakacheka, naye akacheka nao, kisha akarudia palepale bila kucheka mpaka wakaelewa. Nafikiri mtaa ule ulipata onyo zaidi kwa bango lililobanduliwa kuliko kwa lile lililobandikwa.

Katikati ya kazi hiyo akapigiwa simu na bwana aliyesimamia mradi. Habari zilikuwa zimemfikia. Alisema mabango yale yamekwisha kuidhinishwa, mengine yapo kwenye mashine yanachapwa, na mama hana ruhusa ya kuyagusa. Mama aliiweka simu juu ya jiwe, sauti wazi, ili aendelee kubandua. "Papa," akasema, "wewe uliidhinisha. Mimi nilichora. Mutoto alikunywa. Mu sisi batatu, ni nani alitiwa serumu?" Yule bwana akasema atapiga tena.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameketi mahali pa kuchotea maji na karatasi zake, anachora na kuonyesha. Hakumwuliza mtu yeyote kama picha inapendeza. Aliuliza swali moja tu: "Unaona nini?" Mmoja aliona tone la dawa akasema ni yai. Mwingine aliona mkono unaomimina dawa akasema ni mtu anayeiba maji. Wengine walichangia mpaka kukawa na baraza. Kila jibu alilipokea, akachukua karatasi nyingine. Mwishowe likabaki bidoni la njano, dumu lile kila nyumba inalo, mkono unaotia dawa kwa kifuniko cha chupa ya dawa, na maneno: "Tia dawa. Ngojea. Kunywa." Halikuwa na uzuri wa lile la kwanza. Yule bwana wa shirika, nimpe haki yake, alikuja mwenyewe kulibandika, mikono imejaa gundi hadi kwenye viwiko. Siwezi kudai kwamba bango liliufukuza ugonjwa. Dawa na wauguzi ndio walioufukuza, pamoja na bomba ambalo hatimaye lilitengenezwa. Ila nilipopita ufukweni baadaye niliwaona wanawake wamekaa kando ya mabidoni yao wakipiga soga, na nilipowauliza wanasubiri nini, waliniambia dawa ifanye kazi. Yule mtoto alikwisha kurudi nyumbani.

Tangu hapo kila kundi jipya la wanafunzi lilisimuliwa kisa hiki siku ya kwanza, naye akilishika lile bango la glasi juu ili waone. "Hii njo nzuri kuliko zote nilifanya," aliwaambia. "Ilipendeza hata ikataka kuua mutu." Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Yeye alisema aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kutengeneza bango.

Nimelifikiria sana jambo hili juma hili, kwa sababu ufundi wake unabadilika upesi. Siku hizi kijana anaiambia simu yake anataka bango la ubatizo, na kabla hajakohoa simu imempa mabango mazuri, yamepangwa, rangi zimepatana, aina mbili tu za herufi. Marehemu hakulilaani jambo hilo. Alisema limempunguzia kazi ya kugombana na wapenda maandishi ya dhahabu. Lakini simu haiwezi kukaa ufukweni ikauliza. Nasi wenye kazi nyingine hatuko tofauti. Mhubiri anauliza kama mahubiri yamependeza, kiongozi anauliza kama hotuba imepigiwa makofi, mwandishi wa safu anapita vibandani akisikiliza kama anasifiwa. Huyu mama mwenye majivuno kuliko sisi sote ndiye niliyemwona akiuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kumwaibisha, akalingoja jibu, kisha akachukua kisu na ndoo.

Nilimwona mara ya mwisho katika hospitali ya Katana, ambako alilazwa alipozidiwa. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa amekwisha kuwagombeza wauguzi kuhusu mshale wa ukutani ambao, kwa maelezo yake, ulikuwa unawapeleka wanaume wanaotafuta choo moja kwa moja hadi wodi ya wazazi. Waliuhamisha. Akaniuliza siku hizi naandika nini, nikamwambia. "Na unamuandikia nani?" Nikajibu, kama ninavyojibu siku zote, kwamba nawaandikia watu wote. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamshikia kikombe cha maji. "Batu bote ni nani, tonton? Mimi sibajue. Nipe mutu moja, mwenye jina."

Safari nzima ya kurudi mjini nilitafuta jibu. Nadhani sasa ninalo. Mtu anayefanya kazi kwa ajili ya watu wote hajui ni nani atakayeumia akikosea, kwa hiyo hakosi usingizi. Anayemfanyia kazi mtu mmoja anajua. Hivyo safu ya leo sikuiandikia umma. Nimemwandikia dada yangu mkubwa, anayelima maharage huko Mudaka, ambaye hakuwahi kumwona marehemu na ambaye husoma maneno yangu kwenye simu yenye ufa akiwa amekaa ukingoni mwa shamba. Dada, kama kuna mahali umepotea humu njiani, nipigie. Nitaandika upya.